Nyuzi za Chachu Yenye Njaa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu.

Niliingia asubuhi, koti jeupe likiwa bado na mikunjo ya dukani, katika maabara ya hospitali ndogo nje kidogo ya mji wa Tarime. Jina la hospitali naliacha, maana wengine bado wanafanya kazi pale na hawajaniomba niwataje. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka vilimani hadi kwenye madirisha, na ndani taa zilikuwa zimewashwa ingawa jua lilikwisha kuchomoza. Mkuu wa Maabara alikuwa mzee mrefu kutoka Nata, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha kiti mbele ya hadubini, akasema, "Kaa hapo, binti. Usiguse. Angalia tu."

Nikaangalia. Palikuwa na vitu vya mviringo, vyeupe, vimetulia kwenye maji. Baada ya muda akaja nyuma yangu.

"Umeona nini?"

"Vitu vya mviringo, Mkuu. Kama punje za ulezi."

"Endelea."

Aliniacha saa nzima. Macho yaliuma, kisha yakaacha kuuma, na nikaanza kujihisi kana kwamba nimeinama juu ya kisima na chini yake kuna anga jingine. Aliporudi nilimwambia vilevile, punje za ulezi. Akasema endelea. Mara ya tatu nilimwita mwenyewe. Punje moja, ya upande wa kushoto, ilikuwa imetoa kidole. Kilikuwa chembamba, kimenyooka, na sikukiona kikiota. Nilikuta tu kipo, kama unavyokuta kivuli kimehama ukutani.

"Haya," alisema. "Sasa umeanza kazi."

Niwaeleze ninyi vijana nilichokuwa nimekiona. Chachu ni kiumbe cha seli moja, ndugu wa hamira tunayochanganya kwenye unga wa maandazi. Zipo aina nyingi. Nyingine zinakaa mwilini mwetu bila neno, na mwili ukidhoofika zinageuka ugonjwa. Siku ile alikuwapo mgonjwa, mama wa makamo kutoka Kewanja, aliyelazwa wiki nyingi kwa dripu na homa isiyoshuka. Damu yake ilikuwa imeotesha chachu. Ili kujua ni aina ipi, unazitia seli zake kwenye seramu, yale majimaji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, unaziacha kwenye joto la mwili saa mbili hadi tatu, kisha unaangalia. Aina moja ya hatari hutoa kidole kama kile. Mkuu wa Maabara aliandika jibu, daktari akabadilisha dawa, na baada ya siku kadhaa nilimwona yule mama akitembea barazani, ameshika ukuta.

Nilimuuliza mzee kwa nini chachu inatoa kidole.

"Inatafuta," alisema.

"Inajuaje kwamba itafute?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Hilo mimi sikufundishwa. Ukilijua, uje unieleze."

Jina langu ni Bhoke. Nimezaliwa Nyansurura, wilaya ya Serengeti, kwa watu wa mashamba na ng'ombe, na kwetu mtoto wa kike aliyependa kuuliza maswali aliambiwa akachote maji. Sikuwahi kuambiwa na mkubwa kwamba hajui. Nililala na jibu lile siku nyingi.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi. Mganga Mfawidhi wa pale alikuwa mwanamke mkali mwenye huruma nyingi alizozificha. Umeme haukuwa umefika, na hadubini yetu ilikuwa ya kioo: chini yake kuna kioo kidogo cha duara unachokigeuza mpaka kikamate jua na kulipandisha kwenye slaidi. Wingu likipita, vimelea vya malaria vilififia vikapotea, na mimi na wagonjwa wote kwenye benchi tulingoja wingu lipite. Hakuna aliyelalamika. Wazee walisinzia. Nyakati za nyumbu kuhama, upepo ulileta vumbi na harufu ya wanyama hadi mezani, na mwanga ndani ya hadubini ukawa wa rangi ya chai. Sijapata tena kufanya kazi katika utulivu wa namna ile. Lakini swali la chachu lilikuwa halijaniachia, na lilipotoka tangazo la kutafuta mteknolojia wa maabara ya utafiti katika chuo kimoja kando ya ziwa, mjini Musoma, Mganga Mfawidhi ndiye aliyeniandikia barua ya kunipendekeza. "Nenda," alisema. "Hapa utakuwa mzuri, ila utakuwa umesinzia."

Mtafiti Mkuu wa maabara ile alikuwa profesa mjane, mfupi, aliyejifunga kanga juu ya koti jeupe kwa sababu vyumba vyetu vilikuwa na baridi ya mashine. Siku niliyofika aliniuliza kama nimewahi kuona chachu ikitambaa. Nikamweleza kile kidole cha Tarime. Akatabasamu, akanivutia kiti.

Utafiti wake ulikuwa juu ya hamira ya kawaida, ile ya mkate na pombe, ambayo haiumizi mtu. Ukiilisha vizuri, hamira inazaa kwa kuchipuza: seli mama inatoa chipukizi, chipukizi linakua, linaachana na mama, na kila mmoja anakwenda zake. Lakini ukiipunguzia nitrojeni, yaani chakula kinachojenga protini, ukaiachia sukari tu juu ya agari, ile jeli ya mwani tunayomwaga kwenye sahani za maabara, mambo yanabadilika. Seli zinarefuka. Binti haachani na mama. Chipukizi jipya linatokea kwenye ncha ya mbali, kisha jingine kwenye ncha ya hilo, mpaka unapata mnyororo, na mnyororo unazama ndani ya agari kama mzizi. Hamira haina miguu. Kwa kurefuka na kushikana, inafika mahali ambapo seli moja isingefika.

"Nani anaiamuru?" Mtafiti Mkuu aliniuliza siku ile ya kwanza, kisha akajijibu. "Jeni. Jeni ni sehemu ya DNA iliyobeba agizo moja. Kuna jeni inayotengeneza gundi ya kushikanisha seli. Kuna nyingine zinazosikia njaa na kuiambia ile ya gundi, amka. Watu wa mbali wameshaziandika kwa chachu za maabara zao. Mimi nataka kujua kama chachu ya vyungu vyetu inafuata maagizo hayo hayo."

Tulikuwa tumeanza vibaya, hata hivyo. Chachu aliyoagiza kutoka nje, ambayo maabara nyingi zinaitumia, haikutambaa hata ukiinyima nini. Ilikaa juu ya agari kama tone la nta. Sababu inajulikana: imefugwa kwenye maabara vizazi vingi, ikilishwa kila siku, na watu wakipendelea ile isiyogandana, mpaka moja ya jeni zake za amri, ile iliyo karibu kabisa na gundi, ikaharibika. Tuliiita mpole. Tuliiweka kama kipimo cha kulinganishia, tukawa tunahitaji chachu ambayo haijafugwa.

Nilikwenda nyumbani likizo. Shangazi yangu Wankuru alikuwa mpishi wa pombe ya ulezi Nyansurura, na watu walivuka mito miwili kuifuata. Alilowanisha unga ukachachuka, akaukaanga juu ya bati hadi ukawa na rangi ya udongo, akauchanganya na kimea kwenye chungu kilichokuwa cheusi kwa ndani. Hakutia hamira ya dukani. Nilimwomba anikwangulie kidogo ukoko wa ndani ya chungu.

"Unataka kupeleka uchafu wangu chuoni?" aliuliza.

"Si uchafu, shangazi. Ndiyo inayopika pombe."

"Mimi ndiye ninayepika pombe."

Alinuna hadi jioni. Asubuhi, nilipokuwa nafunga begi, alinipa kijichupa kilichooshwa kwa maji ya moto, kimefungwa kwa kitambaa safi, na ndani yake ukoko mwingi kuliko nilioomba. "Waambie ni ya Wankuru," alisema.

Nilipoichuja na kuitenga mpaka nikapata chachu itokanayo na seli moja, nikaipanda kwenye agari ya njaa, Mtafiti Mkuu aliangalia sahani siku ya tano akasema nimeingiza ukungu wa mkate. Sikubishana. Nikaipeleka sahani bombani. Jaribio la kuosha ndilo rahisi kuliko yote katika kazi yetu: unafungulia maji juu ya sahani na kusugua taratibu kwa kidole chenye glavu. Mpole ilisombwa yote, agari ikabaki tupu. Ya shangazi ilisombwa juu tu. Chini, ndani ya agari, ilibaki picha yake, duara lenye nywele nywele pande zote, na chini ya hadubini kila unywele ulikuwa mlolongo wa seli za hamira, ndefu, zimeshikana ncha kwa ncha. Mtafiti Mkuu aliangalia muda mrefu. Nakumbuka maji yalikuwa bado yanadondoka bombani na hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

Ndipo alipoletwa Achieng. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwenyeji wa Sirari, mama yake akiuza vitenge pale mpakani na nusu ya ukoo wao ikiishi ng'ambo ya pili, Kenya. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na mikono yake haikutetemeka. Kazi yake ilikuwa kuondoa jeni za amri kutoka kwenye chachu ya Wankuru, moja baada ya nyingine, na kuangalia nini kinatokea. Si kazi ndogo. Kila seli ina nakala mbili za kila jeni, kwa hiyo lazima uziondoe zote mbili, kisha uthibitishe kwa mashine ya kunakili DNA kwamba kweli zimetoka. Yeye aliziondoa. Mimi niliziotesha, nikazitia kwenye vichupa vyenye gliseroli ili zisiuawe na barafu, nikaandika namba na kuzihifadhi kwenye friza. Ufunguo wa friza ulikuwa shingoni mwangu. Tulifanya kazi hivyo zaidi ya mwaka, tukizungumza kidogo, siku zikipita kama maji ya ziwa yasiyo na upepo, na nadhani ule ndio wakati nilioupenda kuliko wowote.

Kichupa namba kumi na saba ndicho kilichompa Achieng furaha. Alikuwa ameondoa jeni moja ya amri, na alipoiotesha chachu ya kichupa kile kwenye agari ya njaa, haikutoa hata uzi mmoja. Ilikaa laini, kama tone la nta. Aliiosha, ikaondoka yote. Akarudia mara tatu kutoka kichupa kilekile. Aliandika kwenye tasnifu yake kwamba jeni hiyo moja ndiyo mlango, na mlango ukifungwa chachu ya mkoa wetu wa Mara haina njia nyingine. Mtafiti Mkuu alisoma, akapiga mstari chini ya sentensi hiyo kwa kalamu ya kijani. Siku ya kutetea tasnifu ikapangwa. Kulikuwa pia na chuo kingine cha mbali kilichokuwa tayari kumpokea Achieng kwa masomo ya juu zaidi, mradi amalize kwa wakati.

Wiki chache kabla ya siku hiyo, kichupa cha zamani cha mpole kiliisha. Nikafungua kipya, nilichokuwa nimekijaza mwenyewe, nikapanda sahani za kulinganishia kama kawaida. Siku ya sita nilizitoa kwenye kabati la joto. Mpole ilikuwa imetoa nyuzi.

Zilikuwa fupi na chache, ukingoni tu, kama ndevu za kijana. Lakini zilikuwapo. Nilikaa. Mpole haiwezi kutoa nyuzi. Jeni yake imeharibika tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo iliyokuwa kwenye kichupa kile haikuwa mpole. Nikakumbuka siku niliyojaza vichupa vile. Umeme ulikatika, nikavihamisha harakaharaka kwenye ndoo ya barafu kabla sijaviandika vyote, na niliporudi nikaandika kwa kufuata mpangilio niliodhani ndio. Nilichukua kichupa kumi na saba na kile cha mpole, nikazipima DNA zao zote mbili. Jibu lilitoka alasiri. Zilikuwa zimebadilishana majina.

Chachu iliyokaa kama nta ilikuwa mpole yenyewe. Achieng hakuwahi kuipima ile aliyoitengeneza kwa mikono yake. Na ile aliyoitengeneza, iliyokosa jeni ya amri, ilikuwa bado inatoa nyuzi.

Nilinyamaza siku nane. Nataka mlijue hilo, maana wazee tunapenda kusimulia kana kwamba tulikuwa wanyofu kila saa. Niliosha sahani. Niliandika kwenye daftari mambo yasiyohitaji kuandikwa. Karibu na wakati ule jina langu lilikuwa limepelekwa mbele ili niwe Mteknolojia Mkuu. Hakuna mtu mwingine ambaye angefungua vichupa vile, na kama ningevitupa, Achieng angemaliza, angepanda ndege, na mimi ningeupata ufunguo mkubwa zaidi. Nilikuwa natembea ufukweni jioni na kuona mambo yote kwa mbali, kama ni ya mtu mwingine niliyesimuliwa. Siku ya nane Achieng alikwenda kwao Sirari kumuaga mama yake kabla ya utetezi. Nikapanda basi la asubuhi kwenda Tarime, kisha bodaboda hadi mpakani.

Nilimkuta dukani, anakunja vitenge. Alishangaa, akanikumbatia.

"Dada Bhoke! Umekuja kuniona ama kuna shida?"

"Kuna shida. Tukae."

Tulikaa juu ya marobota, nyuma ya pazia. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyowaeleza ninyi: umeme, ndoo ya barafu, majina, nyuzi. Hakunikatiza. Alikuwa ameshika pembe ya kitenge na aliendelea kuinyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Umejua lini?"

"Siku nane zilizopita."

Nje mtu alikuwa anauliza bei kwa Kijaluo na mama yake Achieng anamjibu kwa Kiswahili cha ng'ambo. Achieng alisikiliza mazungumzo yale hadi yalipoisha.

"Ungenyamaza ningemaliza," alisema.

"Ungemaliza."

"Na kile chuo?"

"Sijui, mdogo wangu. Sidhani watangoja."

Hapo ndipo alipolia, bila sauti, akiwa amegeuza uso ukutani. Sikumgusa, sikuona kama nina haki hiyo. Mama yake aliingia na vikombe vya chai, akamwangalia binti, akaniangalia mimi, akaweka chai chini. Achieng alimweleza kwa Kijaluo, maneno machache tu. Mama yule alinigeukia. Nilikuwa tayari kutukanwa.

"Sasa mtaanza kurudia lini?" aliuliza.

"Tukifika," nilisema.

"Basi kunyweni chai, basi la mwisho la Musoma haliwangoji."

Kesho yake tulisimama wawili mbele ya Mtafiti Mkuu. Nilianza mimi. Alisikia yote, akaomba sahani yenye nyuzi fupi, akaiweka chini ya hadubini, akaangalia kwa muda uliotosha mimi kusikia kila mashine chumbani. Alipoinua kichwa, alizungumza taratibu.

"Matokeo yale yalikuwa safi mno. Chachu haiko hivyo. Nilipaswa kuuliza, nikapiga mstari wa kijani. Bhoke, kosa la majina ni lako. La siku nane pia ni lako. La kutouliza ni langu." Akanyoosha mkono, nami nikavua ufunguo wa friza nikampa. "Achieng, utarudia tangu mwanzo. Nitaandika barua kuahirisha utetezi."

Ilituchukua mwaka mwingine. Kile chuo cha mbali hakikungoja. Mimi sikupandishwa cheo, na kwa miezi mingi nilimwomba mtu mwingine anifungulie friza niliyokuwa nimeipanga kwa mikono yangu. Achieng hakuninyima salamu, lakini hakucheka na mimi tena kama zamani, mpaka siku moja katikati ya msimu wa mvua.

Siku hiyo tulikuwa tumesimama bombani na sahani nne. Ya kwanza ilikuwa ya shangazi, kamili: nyuzi ndefu. Ya pili, imekosa ile jeni ya amri: nyuzi fupi. Ya tatu, imekosa jeni ya njia nyingine kabisa ya kusikia njaa, ambayo Achieng aliamua kuijaribu kwa sababu ya zile nyuzi fupi: fupi pia. Ya nne ilikuwa imekosa zote mbili. Alifungulia maji, akasugua, na agari ikabaki tupu kama kioo.

"Ni njia mbili," alisema.

Ndiyo. Habari ya njaa inapita njia mbili ndani ya seli, na zote zinaishia kwenye jeni moja ya gundi. Ukiziba moja, nyingine inafikisha ujumbe, ila kwa udhaifu. Watu wa mbali walikuwa wameliona hilo kwenye chachu zao. Sasa tulijua kwamba chachu ya chungu cha Nyansurura nayo imeumbwa hivyo. Halikuwa jambo la kutangazwa redioni. Achieng alianza kucheka, akanishika mkono kwa glavu lake lenye maji, na tukasimama hivyo mvua ikipiga bati, na ziwa likiwa limepotea lote nyuma ya mvua.

Alitetea tasnifu yake mwaka ule. Ukurasa wa shukrani una jina la Wankuru wa Nyansurura na jina langu. Ndani, katika sura ya tatu, kuna aya nzima inayoeleza kubadilishana kwa vichupa, aliyevibadilisha na aliyeligundua kosa, na ni mtu mmoja. Niliisoma mara nyingi. Achieng sasa anafundisha chuoni, na ananipigia kila mwaka mpya.

Nilirudi Tarime miaka yangu ya mwisho, katika hospitali ileile, safari hii mimi nikiwa Mkuu wa Maabara. Mzee wa Nata alikuwa ameshastaafu. Nilimfuata kwake nikamweleza jeni, gundi na njia mbili. Alisikiliza amefumba macho hata nikadhani amelala. "Kumbe," alisema mwishoni, na akaniomba nimweleze tena.

Siku ya kuagwa kwangu walinipikia ndizi na nyama, wakanivika shada la maua ya plastiki, wakanitaka niseme neno. Sikuwa nimeandaa hotuba. Nikawasimulia kichupa namba kumi na saba, ambacho hakuna aliyekijua pale, pamoja na zile siku nane. Vijana waliacha kula. Sikupigiwa makofi; Katibu wa hospitali alikohoa akatangaza soda.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu ofisini, aliingia Neema, mteknolojia wa mwaka wa kwanza, akafunga mlango.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Vipi, mbona hujala?"

"Kuna wagonjwa wawili wodini, wote wanaitwa Robhi. Jana nilipima damu zao. Niliandika majina baada ya kuchukua, si kabla." Aliegemea mlango. "Nimejiambia tangu jana kwamba nimepatia."

"Umejiambia mara ngapi?"

"Nyingi."

Nilivaa koti tena, shada likiwa bado shingoni, maana fundo lake lilikuwa limekaza. Tulikwenda wodini pamoja. Akina Robhi walikuwa vitanda vya jirani, mmoja kikongwe, mmoja mama kijana mjamzito, na wote wawili walitoa mikono bila kuuliza. Neema aliandika majina yao kamili kwanza, akayasoma kwa sauti, wakaitikia. Tukarudi maabara tukapima, kila hatua mara mbili. Makundi ya damu yaliyoandikwa jana yalikuwa yamebadilishana. Mama kijana alikuwa aongezewe damu siku inayofuata.

Neema aliketi chini sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Nianze na nani?" aliuliza.

"Daktari wa wodi. Kisha Katibu. Nitasimama mlangoni, lakini utasema wewe."

Alisema yeye. Karipio alilipata, na alistahili, na hakuna damu isiyofaa iliyotundikwa. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya vilima nilipotoka getini na mlinzi aliniuliza mbona nimechelewa siku yangu ya mwisho.

Sasa nakaa Nyansurura. Asubuhi naamka saa ileile ya kazi, nakaa kizingitini na uji, na mara nyingine kichwa kinanipeleka chini ya lenzi kwenye nchi ile nyeupe isiyo na sauti, ambako vitu vinarefuka bila mtu kuviona. Vijana wakija kuniuliza nini cha kujifunza, nawaambia wajifunze mashine, zinabadilika upesi. Mengine hayana mtihani.

Wiki iliyopita simu iliita nikiwa naanika ulezi. Alikuwa Neema. Alisema Robhi kijana amejifungua salama, mtoto wa kike, na kwamba alipokwenda kumwona alimweleza mwenyewe kilichotokea siku ile.

"Akasemaje?" niliuliza.

"Alimfunga mtoto kanga vizuri. Kisha akanipa mtoto nimshike."